Nani Alimwogesha Mama Mkwe

Jumamosi hiyo Jumuiya ya Mtakatifu Marta ilisali uani kwa mwenyekiti wao, Mama Wilhelmina, na somo la siku lilikuwa lile la Bwana kujifunga taulo kiunoni. Lilisomwa vizuri. Lilitafakariwa vizuri zaidi. Mzee mmoja akasema utumishi si cheo. Mwingine akadakia kwamba mtumishi wa kweli hachagui kazi. Mama Wilhelmina, mwenye sauti ya kuweza kusimamisha basi la Shinyanga bila kupunga mkono, akahitimisha kwamba katika jumuiya yake hakuna mkubwa wala mdogo, wote ni matambara ya kufutia miguu ya wenzao. Watu wakaitikia amina. Ndipo Malimi akanyoosha kidole.

Wengine walidhani anajikuna. Malimi alikuwa fundi wa kushona viti vya pikipiki pale stendi ya Buzuruga, mtu wa maneno machache na vidole vinene, na katika jumuiya hakuwahi kunyoosha kidole hata siku ile walipoulizwa nani anataka soda ya pili.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina."

"Nina shida. Mama mkwe wangu, kama mnavyojua, kiharusi kimemchukua upande wote wa kulia. Mke wangu yuko wodini, hawezi kutoka. Na mimi... Mimi ni mkwe. Naomba kina mama wawili tu, wa zamu. Wa kumwogesha."

Matambara ya kufutia miguu yakatazamana.

"Pole sana, mwanangu," akasema mama mmoja, huku akishika kiuno ambacho dakika chache nyuma kilikuwa kimecheza wimbo mzima wa sadaka. "Tatizo ni huu mgongo wangu."

"Hivi yule mama si Mmenonaiti?" akauliza Rebeka, jirani yake Malimi. "Ana kanisa lake."

"Kanisa lake liko Shirati," Malimi akasema.

"Basi si wapigiwe simu?"

Mama Wilhelmina akaona mambo yanaelekea kubaya, akayaokoa. "Hatuwezi kumwacha mgonjwa, Mmenonaiti au Mpagani. Kesho baada ya misa tunakwenda wote kumwona. Tutasali. Na kila mmoja aje na chochote."

Wakaja kweli, lazima wasifiwe kwa hilo. Walipanda mawe ya kule kilimani wakihema, wakaimba mlangoni, wakasali wakiwa wameziba pua kwa ncha za kanga, na kila mmoja alikuja na chochote. Chochote chenyewe kilikuwa sabuni. Walipoondoka, dirishani palikuwa na miche ya sabuni ya kumtosha Goliathi na ukoo wake, na mama wa watu alikuwa bado amelala kwenye mkojo wa jana.

&nbsp;

Mama mwenyewe aliitwa Akumu. Alikuwa amekuja Mwanza akitembea kwa miguu yake, kumwona binti yake Akinyi. Akinyi alikuwa amepoteza mimba mbili. Hii ya tatu madaktari walikuwa wameishona isitoke, wakamlaza hospitali ya rufaa, miguu juu kuliko kichwa, na agizo moja tu: usiinuke. Si kwa kukasirika, si kwa kufurahi, si kwa kusikia nyumba inaungua.

Siku aliyofika, Akumu alikataa kulala kwa mkwewe. Kwao Rorya, mama hawezi kulala chini ya bati la mume wa binti yake. Ni mwiko, na miko ya Wajaluo haina likizo. Malimi, ambaye Usukumani kwao nako mkwe hukwepwa kama barabara mbovu, hakuhitaji kuelezwa. Alimkodia chumba kwa Rebeka. Wakaishi vizuri. Yeye alipeleka chakula, akabisha hodi, akaangalia pembeni, akaweka sahani, akaondoka. Mkwe na mkwe ni kama moto na petroli: vikikaa mbalimbali, vyote vina kazi.

Kisha kiharusi. Hospitali wakamtibu wakamruhusu, kwamba amebaki wa mazoezi na usafi. Rebeka akampokea kwa siku chache, halafu Malimi aliporudi kutoka kazini akakuta godoro limetolewa nje na mgonjwa yuko juu yake, amefunikwa uso kwa kitenge kwa ajili ya jua.

"Chumba kinanuka, baba," Rebeka akasema. "Nitampangisha nani tena?"

Malimi akambeba mama mkwe juu ya godoro lake, yeye na mafundi wenzake wawili, kama wabebao jokofu, wakamwingiza nyumbani kwake. Yeye akahamia jikoni, lile la nje la mabati, akalala baina ya mkaa na masufuria. Hivyo wakawa hawako chini ya bati moja. Kisheria alikuwa salama.

&nbsp;

"Shemeji, nimekuelewa," Odero akasema kwenye simu jioni ile ya sabuni. Odero alikuwa kaka yake Akinyi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Musoma, na alikuwa na kawaida ya kumwelewa mtu haraka sana ili asiendelee kusema. "Ila mke wangu yuko chuoni. Ana mitihani."

"Hata siku mbili tatu, shemeji. Mama amelowa tangu juzi."

"Tafuta dada wa kazi."

"Nilimpata mmoja, Ng'washi, kutoka Buhongwa. Alimgeuza mama mara moja, akaomba ruhusa akanunue vocha. Hajarudi."

"Basi tafuta mwingine. Na shemeji, nikwambie kitu kimoja." Sauti ya Odero ikashuka. "Isije ikafika mahali ukasema utamwogesha mwenyewe. Yule ni mama mkwe wako. Unajua chira?"

"Nimesikia."

"Chira ni laana, na ina akili. Mtu akivunja mwiko haimpigi yeye. Inampita pembeni, inamtafuta mtoto. Na dada yangu tumboni ana nini? Au nikukumbushe?"

"Hapana."

"Haya. Msalimie mama."

Malimi alikuwa Mkristo, na katekisti alimfundisha kwamba mambo hayo ni giza. Lakini mimba mbili zilishatoka, na hakuna katekisti aliyeeleza zilikokwenda.

&nbsp;

Asubuhi iliyofuata alipeleka uji. Kabla hajabisha akasikia kishindo, kisha kitu kinachoburutwa.

"Mama, hodi. Niingie?"

"Usiingie."

"Umeanguka?"

"Najua nimeanguka. Nilikuwepo."

Akachungulia kwa jicho moja, akalifumba haraka. Akumu alikuwa sakafuni, mkono wake mmoja mzima ukivuta shuka lililolowa, anajaribu kulitoa chini ya mwili ambao nusu yake haikusikia tena amri. Nzi walikuwa wengi kuliko wanajumuiya wa jana, na hao angalau walikuwa wanakaa.

"Weka uji hapo. Nenda kazini," akasema.

"Siendi."

"Malimi, nenda kazini! Unataka kuniona nini?"

Malimi akaenda, lakini aliishia jikoni. Mle alikuwa na mabaki ya kazi yake, vipande vya ile plastiki nyeusi ya viti inayoitwa ngozi ingawa hakuna mnyama aliyewahi kuivaa. Akachagua kipande kirefu, akajifunga macho, akakaza fundo kisogoni mpaka masikio yakauma. Akarudi akipapasa ukuta, ndoo ya maji mkono mmoja.

"Mama, nimejifunga macho."

"Umejifunga kwa nini?"

"Kwa ngozi ya kiti."

"Nimeinua vidole vingapi?"

"Sijui, mama."

"Sema."

"Vitatu?"

"Mkono wenyewe unaofanya kazi ni mmoja, na nimeshikia kitanda." Maji ya ndoo yakaacha kuyumba. Aliposema, sauti ilikuwa ya mtu anayesaini asichokisoma. "Haya. Njoo. Usikanyage uji."

Aliukanyaga. Alimpata kwa kufuata sauti, akamwinua kwapani, akamkalisha kwenye kiti cha plastiki, akavaa dodoki mkononi ili ngozi isiguse ngozi, akaanza.

"Hilo ni shavu," Akumu akasema.

"Samahani, mama."

"Na hilo bado ni shavu. Shuka. Wewe! Umenitia sabuni ya kufulia machoni. Aliyefungwa macho ni wewe, mimi bado naona."

"Samahani."

"Kulia. Kulia kwako, si kwangu. Mimi kulia kwangu hakuna tena."

Ukiwasikia kutoka nje ungedhani ni mtu na fundi wake wanapaka rangi nyumba. Lakini alipofika kiunoni vicheko vilikwisha, maana kulikuwa na kazi ambayo haina mzaha, na Malimi akaifanya akiwa ameuma meno, na Akumu akalia bila sauti. Malimi alijua kwa sababu mwili wote, upande ule mzima, ulikuwa unatikisika chini ya dodoki.

"Kwetu kanisani tunaoshana miguu," Akumu akasema, maji ya mwisho yalipomwagwa. "Siku ya meza ya Bwana. Wanawake upande wao, wanaume upande wao. Na ni miguu tu, Malimi. Bwana mwenyewe aliishia kwenye miguu."

"Ndiyo, mama."

"Sisi Wamenonaiti hatuapi. Wewe Mkatoliki, apa."

"Niape nini?"

"Kwamba hakuna atakayejua. Si Odero, si majirani, si Akinyi. Zaidi Akinyi. Akisikia atainuka kile kitanda, na akiinuka imekwisha. Apa kwa huyo aliye tumboni mwake."

Malimi akaapa, amesimama kwenye uji, macho yamefungwa, dodoki mkononi.

&nbsp;

Ikawa hivyo kila asubuhi, kabla hajashuka kazini. Rebeka alipouliza nani anafua yale mashuka, Malimi alijibu ni mtu anakuja. Vidole vilivyozoea kutafuta mshono gizani chini ya kiti vilijifunza kukata kucha bila kukata kidole, kusafisha masikio, kuvisha gauni kuanzia mkono uliokufa. Walizoeana. Akumu alimsimulia habari za Akinyi utotoni, jinsi alivyompiga mwalimu kwa kandambili. Malimi alimsimulia bodaboda walioleta viti vilivyotobolewa na misumari ya suruali za jinzi za abiria. Walikuwa wakicheka, halafu wanakumbuka wao ni nani kwa nani, na dodoki linarudi kazini.

Jumapili akaenda kumwona Akinyi. Alimkuta ameinuliwa miguu kama baiskeli inayotengenezwa.

"Nani anamwogesha mama?" lilikuwa swali la kwanza.

"Jumuiya."

"Kweli? Mama Wilhelmina mwenyewe?"

"Wanapeana zamu."

Akinyi akafumba macho, machozi yakatiririka kuelekea masikioni. "Mungu awalipe. Nilikuwa naogopa, Malimi. Nakujua wewe, una huruma ya kijinga. Nilijua utafika mahali ufanye mwenyewe. Ungeniua. Ningekuwa nahesabu tu siku za huyu mtoto kutoka."

"Mambo ya giza hayo, mke wangu."

"Wewe hujabeba mbili zikakutoka. Usinifundishe giza."

Malimi akammenyea chungwa.

&nbsp;

Baada ya muda Akumu alianza kuwa mbishi. Malimi akifika chini ya mgongo, mkono wake mzima ulimsukuma.

"Hapo tayari. Nimejiosha mwenyewe."

"Saa ngapi, mama?"

"Unaniuliza saa kama polisi? Nimesema nimejiosha."

Kukawa na harufu. Malimi alidhani ni godoro, akalianika juu ya mawe mpaka likakauka kama mkate. Harufu ikabaki. Akumu akaagiza mafuta yenye manukato, yale makali ya chupa nyekundu, akataka apakwe mengi. Siku nyingine alikuwa anatetemeka.

"Mama, una homa. Nakuchukulia bajaji, twende hospitali."

"Ni baridi ya ziwa. Hospitali watanilaza, watampigia Akinyi. Nipe dawa ya kichwa."

"Nifungue macho nikuangalie?" Mkono wake ulikuwa tayari kisogoni, kwenye fundo.

"Ukifungua napiga kelele. Napiga kelele mpaka Rebeka aje, na wewe utaeleza ulikuwa unafanya nini humu."

"Mama..."

"Tangu lini ukawa mtu wa kuona? Nifunike."

Mkono wa Malimi ukashuka. Akamfunika, akajaza maji kwenye kikombe, akatoka, na nje ya mlango akajifungua macho, akaona jua na mapaa ya Ilemela yakimeta chini yake, na ziwa. Alijiambia kesho. Kesho hata akipiga kelele.

Kesho yake alipobisha hodi alijibiwa na pumzi tu, fupi fupi, kama ya mtu aliyepanda kilima. Hakujifunga macho. Alimgusa paji la uso, likamuunguza, akakimbia juu ya mawe mpaka barabarani kutafuta bajaji. Aliporudi na dereva wake, Mama Akumu alikuwa ameshamaliza, uso umeelekea ukutani, na shuka amelivuta kwa ule mkono wake mpaka kidevuni.

&nbsp;

Mtu hai alikosa wawili. Maiti alipata foleni.

Turubai lilisimama kabla ya saa sita. Masufuria yakapanda mawe, viti vikapanda mawe, Jumuiya ya Mtakatifu Marta ikapanda mawe bila hata mmoja kuumwa mgongo. Mama Wilhelmina alikuja na jozi za glovu, pamba, marashi, na orodha kichwani ya nani ataosha na nani atashika shuka. Kina mama walisukumana kistaarabu mlangoni. Kuosha maiti ni thawabu, na thawabu hii haigeuki kukutazama.

Jioni akafika Odero na mdogo wake marehemu, Akelo, mama mrefu mweusi aliyevua viatu getini na kulia kwa Kijaluo mpaka mbwa wa jirani wakanyamaza. Safari ya kwenda Shirati ilipangwa alfajiri. Odero, macho mekundu, akasimama chini ya turubai.

"Dada yangu, anayelia huko wodini bila kuinuka, ameniambia kwa simu," akasema, "kwamba ninyi kina mama wa jumuiya ndio mlimwogesha mama yetu kila siku iliyokuja. Sisi watoto wake tulikuwa mbali. Sina cha kuwapa. Ero kamano. Asanteni."

Kina mama wakamtazama mwenyekiti wao. Mwenyekiti akamtazama Malimi. Malimi akatazama chini. Basi Mama Wilhelmina akainamisha shingo pole pole, kama anayevishwa medali nzito.

"Tumefanya kidogo tu, mwanangu," akasema.

Watu wakapiga makofi, ingawa ni msibani.

Wakaingia kuosha, na Akelo akiwa miongoni mwao. Wimbo ulianza ndani ukaja mpaka nje, wanaume wakaupokea kwa besi. Ukafika ubeti wa pili. Ghafla ule wa ndani ukakatika, na wanaume wakabaki wakiimba peke yao kama watu walioachwa na basi, mmoja mmoja wakanyamaza.

Akelo akatoka. Mikono ilikuwa na povu mpaka viwikoni.

"Odero, njoo usikie. Ndugu yangu ana kidonda chini ya mgongo. Kiganja kinaingia. Mfupa unaonekana!" Akawageukia kina mama waliokuwa wakichuruzika mlangoni nyuma yake. "Hawa ndio walikuwa wanamwogesha? Walikuwa wanaosha nini? Yawa, walikuwa wanaosha nini?"

"Dada, tuelewane," Mama Wilhelmina akasema. Ile sauti ya kusimamisha mabasi ilikuwa imepungua sana. "Sisi tulikuja kusali."

"Hamkumwogesha?"

"Sabuni tulileta."

"Nauliza, mlimwogesha au hamkumwogesha?"

"Kwa kweli... kwa kweli kuogesha, hapana. Hata siku moja. Mungu ni shahidi." Na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alikuwa anasema kweli, na ilimtoka kwa haraka kama mtu aliyeshika kaa la moto. "Muulize mkwe wenu. Yeye ndiye alikuwa naye."

Odero akageuka. Turubai zima likageuka naye.

Malimi alikuwa hajasikia baada ya neno kidonda. Alikuwa anausikia mkono ule ukimsukuma: hapo tayari, nimejiosha mwenyewe. Kila asubuhi alikuwa ameupita mfupa wa mwanamke yule kwa upana wa dodoki. Angeinua kitambaa kidogo tu, angeona. Yeye mama alijua, na alinyamaza, ili mkwe asione na mjukuu asiguswe.

"Shemeji," Odero akasema. "Nani alikuwa anamwogesha mama?"

Kulikuwa na neno moja la kujibu, na lilikuwa fupi. Angelisema, kidonda kingepata maelezo. Watu wangeona angalau kulikuwa na mkono. Halafu lingeshuka mawe yale pamoja na masufuria, lingepita Buzuruga, lingefika wodini kabla ya chakula cha usiku. Na Mama Akumu angekwenda Shirati akiwa ameonwa uchi na mkwewe, mbele ya ukoo mzima, kwa ajili ya kumsafishia jina fundi wa viti.

"Hakuna," Malimi akasema.

"Hakuna nani?"

"Hakuna aliyemwogesha."

"Siku zote hizo?"

"Siku zote."

"Na wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naenda kazini."

Akelo, ambaye alitoka kuziona ndani kucha zilizokatwa sawasawa na masikio yaliyosafishwa, akafungua mdomo. Akamtazama Malimi, akatazama vidole vyake vinene. Akaufunga mdomo, akarudi ndani kumalizia kumwosha ndugu yake.

Odero hakumpiga. Alimtemea mate karibu na viatu, akasema ng'ombe wa kulipia aibu hii watazungumzwa baada ya mazishi, na kwamba kwenye gari la Shirati hakuna nafasi ya mtu aliyemwacha mama yao aoze akiwa hai. Vijana wakamwondoa Malimi turubaini kwa kumshika mikono, ingawa alikuwa anakwenda mwenyewe. Rebeka akamwambia mwenzake kwa sauti ya kusikika kwamba yeye harufu ile aliisikia tangu mwanzo, na alisema.

Mama Wilhelmina alimfuata jikoni, lile la mabati. Alikuwa bado na glovu.

"Ungetuambia, mwanangu."

"Niliwaambia."

"Ungetuambia kwa kusisitiza." Akavua glovu moja, akakosa pa kuiweka, akaishika. "Tutakuombea."

&nbsp;

Gari liliondoka alfajiri na nyimbo zake. Turubai liliteremshwa, viti vikateremshwa, na nyumba ikabaki na Malimi mlangoni, akiogopa kuingia. Simu ikalia. Ilikuwa ni Akinyi.

"Uko wapi? Mko Magu?"

"Niko nyumbani."

"Hukwenda kumzika mama yangu?"

"Gari lilijaa."

Alisikia toroli likipita wodini, na nesi akimwita mtu kwa jina la baba yake.

"Odero amenipigia," Akinyi akasema. "Anasema mama alioza mgongo. Anasema jumuiya wenyewe wamekiri hawakumwogesha hata siku moja. Wewe uliniambia wanapeana zamu. Ulinimenyea na chungwa."

"Umelala?"

"Nijibu."

"Miguu umeinua?"

"Malimi! Nakuuliza wewe. Ulimwacha mama yangu kwenye mavi siku zote hizo, hakuna mtu aliyemgusa? Ni kweli?"

Aliegemea mlango. Neno lile fupi lilimjia tena mpaka kwenye meno, na nyuma yake akamwona Akinyi akiinuka, miguu ikishuka kutoka kitandani, ikitafuta kandambili.

"Ni kweli," akasema. "Hakuna aliyemgusa."

Akinyi hakulia.

"Mtoto huyu akizaliwa," akasema, "hiyo mikono yako usimguse."

"Sawa," Malimi akasema. "Wewe lala tu. Usiinuke."